Mbwa Mkali kwa Kiingereza

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Mzee wa Brashi amestaafu. Ametuaga, amelia kidogo, amebeba brashi zake zote pamoja na mbili zangu, ameondoka. Kiti chake kimebaki.

Kiti hiki nikieleze vizuri, maana ndicho kinachoninyima usingizi. Kina magurudumu. Kinazunguka. Kipo chumba cha mbele cha karakana yetu ya mabango, dirishani kabisa, na anayekikalia huitwa Msimamizi, na wapita njia wote wanamwona anavyozunguka. Mimi ninakaa nyuma, kwenye kigoda, kati ya makopo ya rangi na mlango wa choo. Nusu ya mabango ya mji huu nimeyaandika nikiwa kwenye kigoda kile. "Usiegeshe Hapa" ni langu. "Nimesema Usiegeshe Hapa" pia ni langu. Na kigoda kina msumari!

Kizuizi ni kimoja tu. Shemeji.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Kazi hapa nilimtafutia mimi mwenyewe, baada ya mke wangu kuniomba kwa namna ambayo haikuacha nafasi ya kukataa. Karakana nzima inamwita Kamusi, kwa sababu anatembea na kamusi ya Kiingereza kwapani kama mtu mwenye jipu. Kiti anakitaka. Leo nimemkuta anakitazama. Nilipomuuliza anatazama nini, akasema anatazama mlango. Mlango upo upande wa pili!

Mama Bosi, mwenye karakana, ametuita wote wawili. Amesema hana haraka, atatazama kwanza ni nani mwenye kichwa. Nikamwambia kichwa ninacho, hata kofia zinanibana. Hakucheka. Yule mama ni mtu wa kutafakari.

Jumanne, 4 Machi

Neema imeshuka, tena imeshuka ikiwa na kibao kwapani!

Amekuja Matroni. Huyu ni mama mmoja aliyekuwa mkuu wa wauguzi hospitalini, sasa amestaafu, anaishi na mbwa wake jirani na nyumba ya wageni. Wale wageni hupotea njia, wakaingia kwake badala ya kule walikolipia, na Kiswahili hawajui. Ndipo mwezi uliopita akaagiza kibao cha getini, "Mbwa Mkali", kiandikwe kwa Kiingereza. Kazi akapewa Shemeji. Shemeji akaandika FIERCE DOG. Akaongeza na picha ya meno.

Matroni amekitupa kibao mezani hadi rangi zikatikisika. Amesema tangu kitundikwe, wageni wanavuka barabara wakifika kwake, na bwana mmoja mnene alijirusha mtaroni na sanduku lake. Amesema mbwa wake hajamng'ata mtu tangu azaliwe. Amesema tumemsingizia mbwa mwenye heshima zake, na mtaa mzima sasa unamwangalia kama jambazi. Anataka asafishwe jina.

Mama Bosi akamkumbusha kwa upole kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema mbwa ni mkali.

Matroni akajibu ndiyo, ni mkali! Mkali sana! Lakini si kali hiyo.

Si kali hiyo. Shemeji akafungua kamusi, akaifunga. Mimi nikatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelewa, na kweli baada ya muda nikaelewa: kali ya Shemeji haikutosha! Mama wa watu anataka kali zaidi, kali ya kweli, si ya kumrusha mtu mtaroni tu. Nilimtazama nikatabasamu. Akaniuliza kama ninaumwa jino.

Basi Mama Bosi akatoa hukumu. Kila mmoja wetu atafute Kiingereza sahihi cha hiyo "kali". Neno litakalokubaliwa na Matroni, mwenye neno atakalia kiti. Mwingine atabaki nyuma, chini yake.

Chini ya Shemeji! Mtu anayekula chakula cha jioni kwangu kila siku! Nitasimamiwa kazini mchana, kisha nirudi nyumbani nikasimamiwe mezani. Haiwezekani. Nimejifunga kibwebwe.

Jumatano, 5 Machi

Mpango! Mpango mzuri ajabu! Umenijia nikiwa ninapiga mswaki.

Silaha ya Shemeji ni ile kamusi. "Kali" inaanza na K. Bila K, Shemeji ni mtu wa kawaida tu mwenye kwapa tupu. Alipokwenda kununua misumari, nikaichukua kamusi, nikaipaka gundi ya mbao kurasa zote za K, nikaikalia hadi ikashikana. Imekuwa tofali. Nimeirudisha mahali pake nikipiga mluzi.

Nyongeza ya jioni: kuna jambo dogo sikulizingatia. Kamusi ya Shemeji inatoka Kiingereza kwenda Kiswahili. K niliyoiziba ni K ya Kiingereza. Yaani kwa akili zangu zote nimemzuia Shemeji asitafute busu, birika na figo.

Tena kidole gumba changu kimebaki na kipande cha ukurasa. Mke wangu akaniuliza ni nini. Nikasema plasta. Akauliza tangu lini plasta zinaandikwa "figo". Nikajifanya nimesikia mtu anaita nje.

Lakini ngoja! Bahati ni bahati. Shemeji amehangaika na kamusi siku nzima. Kila akifungua Kiingereza, Kiswahili ni kilekile. FIERCE: -kali. SEVERE: -kali. STERN: -kali. HARSH: -kali. STRICT: -kali. SHARP: -kali. Huko kote -kali, -kali, -kali! Wenzetu wana sahani ya kila chakula, sisi tuna sufuria moja na tunashiba. Kufikia mchana alikuwa ameshika tama kama mfiwa. Baadaye akagundua kurasa za K zimegandana, akalaumu unyevu. Nikalaumu unyevu pamoja naye, kwa sauti kubwa kuliko yake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kumwona mbwa ana kwa ana. Rasmi nilikwenda kupima geti. Kwa siri nilibeba mfupa, ili mbwa anizoee na siku ya siku aonekane yuko upande wangu.

Nikasukuma geti, nikaingia. Mbwa akaja. Anaitwa Ratiba. Habweki! Hakimbii! Anakuja kwa hatua moja moja, kama daktari mkuu anayepita wodini. Akakaa katikati ya njia, mbele yangu, akanitazama viatu. Vilikuwa na tope. Nikahisi aibu, sijui kwa nini.

Nikasogea kushoto. Akasogea kushoto. Nikasogea kulia. Akasogea kulia. Nikatoa mfupa, nikamwekea miguuni kwa heshima zote. Akautazama mfupa. Akanitazama mimi. Akageuza uso pembeni. Rushwa imekataliwa! Na mbwa!

Ikabidi nirudi nje. Nikiwa nje, kwa hasira, nikapiga hodi kwa nguvu. Hapo Ratiba akainuka, akanipisha njia. Nikaingia kwa ushindi, nikafika mlangoni, akanizuia tena, mpaka nikafuta miguu kwenye mkeka. Mguu wa kushoto nikaurudia mara mbili.

Matroni alikuwa barazani, ameona yote, anachekelea. Akaniambia nimejionea mwenyewe mbwa alivyo mkali. Usipopiga hodi, hupiti. Ukiwa na tope, hupiti. Ukija saa ya mapumziko, ataketi getini mpaka saa ya mapumziko iishe, hata uje na waziri. Shida ni hao wageni: hawapigi hodi, hawaelewi, wanasimama pale jua linawapiga na mbwa anawatazama. Akasema anataka wasome kibao waelewe wako mbele ya mbwa wa namna gani.

Nikamwambia nimeelewa kabisa. Na nimeelewa. Mbwa huyu ni katili wa kimyakimya. Mbwa anayekataa mfupa anaweza kufanya lolote.

Nimerudi bila kipimo cha geti. Nilisahau.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji ametangulia, na ameanguka! Furaha iliyoje!

Asubuhi aliweka kibao chake kipya: SEVERE DOG. Herufi nzuri, siwezi kukana, kivuli cha buluu pembeni. Kabla ya adhuhuri Matroni alikuwa amekirudisha. Inasemekana bibi mmoja mgeni alisimama getini akasoma, akasikitika sana, akamuuliza Matroni mbwa amepatwa na ugonjwa gani na kama kuna matumaini. Mwingine akamwachia dawa za kikohozi. Matroni, mtu aliyeuguza watu maisha yake yote, kuambiwa mbwa wake yu mahututi! Shemeji alikuwa anatazama chini. Nilimpigapiga mgongoni ili kila mtu aone nilivyo na moyo mzuri.

Sasa zamu yangu. Na leo hii, nikiwa juu ya kigoda, msumari ukinichoma kama kawaida, nimegundua siri ya Kiingereza.

Irabu!

Sisi kila konsonanti tunaipa irabu yake iishike mkono. Ka-li. Hata tukikasirika, tunakasirika kwa utulivu, tuna mahali pa kuvutia pumzi. Mwingereza akikasirika anazitupa irabu nje, anabaki na konsonanti zinasukumana mlangoni. Kwa hiyo kadiri neno linavyokuwa na irabu chache ndivyo linavyozidi ukali. Hesabu tu! FIERCE: irabu tatu katika herufi sita, ndiyo maana haikumtosha Matroni. SEVERE: tatu tena. Shemeji kachagua neno lenye uzito uleule, mjinga! AUSTERE, hili nimelichungulia kwenye kamusi yake: irabu nne. Neno kama hilo haliwezi kulinda hata kitunguu. HARSH: moja katika tano. STERN: moja katika tano. Halafu, mabibi na mabwana, STRICT! Irabu moja katika herufi sita! Imebanwa katikati kama abiria mwembamba. Kulitamka tu ulimi unaomba msaada.

Nimelijaribu kitaalamu kwa jogoo wa jirani. Nikasimama nyuma ya nyumba nikamwambia AUSTERE. Akaendelea kudonoa. SEVERE. Akajikuna. STRICT! Akaruka juu ya ukuta, manyoya matatu yakabaki hewani. Ni kweli kwamba wakati huohuo nilikanyaga ndoo. Lakini ndoo haikuwa sehemu ya jaribio.

Mke wangu akachungulia dirishani, akauliza namgombeza nani. Nikasema ni mambo ya kazi. Akasema kuku wa watu hajakosa kitu, niingie ndani. Niliingia mara moja.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekiandika! STRICT DOG. Nyeusi juu ya nyeupe, bila kivuli, bila meno. Neno linajitosheleza.

Shemeji alipokiona alicheka hadi akakaa sakafuni. Akawaita mafundi wengine waje wacheke. Akasema hilo neno ni la walimu na wazazi, mtu mwenye sheria zake na msimamo wake, hakuna mbwa duniani aliyewahi kuitwa hivyo, labda kama mbwa huyo anasahihisha madaftari. Mafundi wakacheka. Fundi wa plastiki, ambaye Kiingereza chake chote ni "oke", naye akacheka!

Mama Bosi akakitazama muda mrefu. Akaniuliza kwa nini nimechagua neno hili. Nikamweleza juu ya irabu. Akaniuliza tena, polepole, kana kwamba mara ya kwanza sikusikia. Nikamweleza tena juu ya irabu, safari hii nikamtajia na jogoo. Akafunga macho. Akasema Jumatatu kiende getini, na kikirudi, kiti ni cha Shemeji, basi, amechoka.

Chakula cha jioni kilikuwa kigumu kumeza. Shemeji alikuwa amekaa upande wa pili wa meza anafanya mazoezi ya kuzunguka. Kwenye kiti cha kawaida! Anageuza mabega tu, kushoto, kulia. Mke wangu akasema yeye hamtetei mtu, mume ni wake na ndugu ni wake, ila atakayeshinda asije akaleta pua yake juu pale ndani, kwa sababu sahani zitaoshwa kwa zamu kama zamani. Nilijisikia mnyonge, lazima niseme. Nilijiona nimezeeka kwenye kigoda, mvi zangu zimepakwa rangi za mabango ya watu, na kijana huyu anapita dirishani kwenye magurudumu.

Kisha nikatamka kimoyomoyo: STRICT. Nikapata nguvu.

Jumatatu, 10 Machi

USHINDI! USHINDI! USHINDI!

Nieleze kwa utaratibu.

Asubuhi nimekipigilia kibao getini mwenyewe. Nikapiga hodi kwanza, nimeshajifunza tabia za yule katili. Kisha mimi, Shemeji na Mama Bosi tukasimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya gari la mtu, kungoja. Shemeji alikuwa ameshavaa shati la kukalia kiti.

Wakaja wageni. Mume, mke na mabegi yao, wamepotea kama ilivyo ada. Mke akaona kibao. Akasoma. Akaanza kucheka! Moyo ukanishuka hadi kwenye soksi. Shemeji akanishika bega kwa huruma, ile huruma ya kuudhi.

Lakini tazama! Yule mama akaacha kucheka, akamtazama Ratiba, aliyekuwa ameketi wima nyuma ya geti. Akamnong'oneza mumewe. Mume akachomeka shati. Mke akaweka kola sawa. Wakajipangusa viatu kwenye nyasi, wakasimama wima, mikono ubavuni, kama watoto wa shule kwenye paredi, na yule mume akagonga geti, taratibu, ngo, ngo, ngo.

Ratiba akainuka. Akawapisha! Akatangulia mbele kuwaonyesha njia! Mkekani wakafuta miguu, wote wawili, akawakagua, akaridhika. Mkia ukatikisika mara moja, kiofisi.

Baadaye wakatoka kwenda kwao, wakaomba kupiga picha na mbwa. Wakapita wengine watano, sita. Wote walisoma, wote walitabasamu, wote walijiweka sawa wakapiga hodi ya kwao. Hakuna aliyeruka mtaroni! Hakuna aliyeleta dawa!

Ninachokiona mimi ni kwamba hofu ikizidi sana mtu hucheka. Ni konsonanti zile.

Matroni akatuita tuvuke. Nilidhani atanipongeza kwa kelele, lakini alikuwa amesimama mbele ya kibao, amekishika pembeni kwa kidole kimoja, macho yamejaa machozi. Akasema hilo ndilo neno lake. Akasema kule hospitalini wauguzi vijana walikuwa wakimwita hivyohivyo, kwa Kiingereza, nyuma ya mlango, wakidhani hasikii. Strict. Alisikia kila siku. Wengine walimlilia, wengine walimchukia, lakini zamu yake hakuna mgonjwa aliyelala na shuka chafu, na hakuna aliyesahauliwa dawa. Akasema siku anaondoka walimnunulia saa ya ukutani, wakasema maneno mengi matamu, na neno hilo moja hakuna aliyethubutu kulisema mbele yake. Sasa liko getini kwake, kila mtu analisoma, na anajisikia vizuri.

Mama Bosi akajipangusa macho. Shemeji pia, nimemwona. Mimi sikuelewa vizuri wauguzi wanahusianaje na mbwa, lakini nililia vilevile, kwa sababu ya kiti.

Jumanne, 11 Machi

Ninaandika haya NIKIZUNGUKA.

Kiti ni changu! Funguo za chumba cha mbele ni zangu! Nimekabidhiwa mbele ya mafundi wote. Fundi wa plastiki amesema "oke" kwa masikitiko. Wapita njia wananiona. Mmoja amenipungia mkono, nikazunguka mara mbili kumjibu, nikagonga kabati.

Shemeji amekuja kunipa mkono kama mwanamume. Amesema anakiri, lile neno ndilo, na yeye mwenyewe alilisema Jumamosi bila kujua, aliposema ni la mtu mwenye sheria zake. Yaani anataka sehemu ya ushindi! Nikamwambia nitalifikiria. Amehamia kwenye kigoda. Sikumwambia kuhusu msumari. Ameugundua mwenyewe, nimesikia.

Mama Bosi alikaa na mimi kidogo akanipa nasaha. Alisema nimebahatisha pazuri, na anataka bahati hiyo niigeuze kuwa kazi. Alisema "kali" yetu ina vyumba vingi ndani yake. Kuna kali ya meno na kuna kali ya kanuni, kuna ya jua, ya wembe, ya ugonjwa, ya maneno yanayochoma. Shemeji aliandika ya meno, kisha ya ugonjwa. Matroni alikuwa na ya kanuni. Hivyo kabla sijashika brashi, nimuulize mteja: kali ipi? Na nikishajua, nimuulize na Shemeji, maana macho yake yanajua kusoma zaidi ya kuhesabu.

Niliitikia kwa kichwa muda wote. Ni maneno ya busara. Mengine hayakunifikia vizuri, kwa sababu kiti kikizunguka upande wa kushoto kinalia.

Ijumaa, 14 Machi

Nimejipita mwenyewe! Kama STRICT ilikuwa kilima, leo ni mlima!

Wageni wanamiminika mtaa huu kumwona Ratiba. Wakitoka kwake wanapita mbele yetu. Juzi Mama Bosi, kabla ya kwenda kumjulia hali dada yake, akaniagiza: tuweke bango kubwa la Kiingereza mbele ya karakana, liseme kwamba kazi yetu hapa ni kali. Kali ile ya vijana, alisema, ile ya kusema wimbo mkali, gari kali, yaani safi kabisa, hakuna mfano. Akasisitiza niulize kwanza. Nimuulize nani? Msimamizi ni mimi!

Shemeji akatoka nyuma bila kuitwa, anatembea upandeupande kwa sababu ya msumari, akapendekeza EXCELLENT. Nikahesabu. Irabu tatu! Neno la kubembelezea watoto. STRICT haliwezekani, tayari linatumiwa na mbwa. Nikapitia yaliyobaki kwenye akiba yangu, na hapo likang'aa: HARSH. Irabu moja! Na mwisho wake lina ile pumzi ndefu, shhh, kama brashi inayopita ubaoni. Limezaliwa kwa ajili ya mafundi wa rangi.

Shemeji nusura apige magoti. Akasema HARSH ni ya sabuni inayochubua ngozi, na ya mtu asiye na huruma anayemfokea mgonjwa. Akafungua kamusi anionyeshe. Nikaisoma mwenyewe, kwa sauti: "-kali". Akaguna. Nikamwambia kwa upole kwamba hiyo ndiyo sauti ya mtu anayekaa kwenye kigoda.

Bango limesimama tangu asubuhi. Refu kuliko mlango! HARSH PAINTERS. HARSH SERVICE. COME IN. Wageni wamejaa mbele yake siku nzima. Wanacheka, wanapiga picha, wanaitana. Ndani hajaingia hata mmoja, wanauogopa ubora.

Saa kumi Mama Bosi akarudi kutoka safari. Akashuka, akaliona. Akaweka mkono mdomoni. Mabega yakaanza kumtikisika. Ikabidi akalie begi lake, hapohapo barabarani, machozi yanamtoka, anashindwa kusema. Nilizunguka kwenye kiti nikimtazama kupitia dirishani. Sijawahi kumgusa mtu kiasi hicho kwa bango.

Alipopata sauti akaingia, hakuweza kunitazama usoni, akaniambia kesho asubuhi nije ofisini kwake na funguo za chumba cha mbele. Zote. Na Shemeji aje pia. Bila shaka funguo zinafungiwa mnyororo mpya wa heshima, na Shemeji anaitwa kuwa shahidi. Nimemwambia avae lile shati lake zuri. Alishalinyoosha.

Nyumbani nimemsimulia mke wangu yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: kile kigoda changu cha zamani bado kipo? Nikamwambia kipo. Akasema vizuri, nikaugongelee ule msumari mapema.

Mwanamke huyu ana maono! Anataka kiwekwe mlangoni, wageni waone nilikoanzia. Kesho ninapitia na nyundo.